Mwongozo Kamili: Kupanga Ofisi ya Kampuni ya Teknolojia ili Watu Waweze Kufanya Kazi Pamoja

Picha ninazotumiwa na wasomaji zinafanana. Ukuta umevunjwa, sakafu ni marumaru inayong'aa, meza moja ndefu imenyooka katikati, na chini ya picha kuna swali: "Tumetumia fedha zote hizi ili vijana washirikiane. Mbona kila mmoja amevaa hedifoni?"

Ni kwa sababu mmewanyang'anya ukimya. Mtu anayeandika programu hubeba mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja, na akikatizwa huyaangusha yote. Akikosa mahali pa kutulia hujijengea ukuta wake kwa hedifoni, na ukuta huo hauna mlango wa kubisha hodi.

Mwaka 2018 Ethan Bernstein wa Harvard na mwenzake Stephen Turban walichapisha utafiti juu ya makampuni mawili makubwa ya Marekani yaliyoondoa kuta ofisini. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na watu wakahamia kwenye barua pepe na ujumbe. Ndicho ninachokiona Dar es Salaam pia.

Kwa hiyo hapa tunaanza na vyumba vidogo vya kimya. Meza na rangi vitafuata baadaye. Mfano nitakaoutumia ni sakafu ya kupanga Kijitonyama, mita 12 kwa 15, yaani mita za mraba 180, kwa watu 20. Ofisi yako ikiwa ndogo au kubwa zaidi, badilisha namba ila fuata mpangilio.

## Vitu vya kuandaa

Kupima na kuchora: futi ya fundi ya mita 8, karatasi kubwa za miraba, penseli, chaki nyingi, dira ya kwenye simu na programu ya simu ya kupima mwanga.

Kuta za vyumba vidogo: fremu nyepesi za chuma, mbao za jipsamu za milimita 12, rokwuli ya milimita 50 (pamba inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa), silikoni ya kuzibia nyufa, milango mizito ya mbao, na mipira ya kuziba kingo za milango.

Kutuliza mwangwi: mbao za paini, rokwuli nyingine, khanga au kitambaa cha pamba, stepla ya fundi, glavu na barakoa.

Umeme na mtandao: waya, soketi, mifereji ya waya, kebo za mtandao, vifaa vya Wi-Fi vya kufunga darini, inverta na betri zake.

Karatasi: kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi, nakala ya mkataba wa pango, na ramani ya jengo kama ipo. Angalia muda uliobaki kwenye mkataba. Ukibaki mwaka mmoja, usijenge ukuta wowote usioweza kuufungua na kuondoka nao.

## Hatua ya 1: Kaa na timu siku tano, ukiandika

Nenda walipo sasa, hata kama ni sebuleni kwa mtu. Kila nusu saa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, andika wangapi wako peke yao kimya, wangapi wako kwenye simu au kikao cha video, na wangapi wamekusanyika. Kama wamekusanyika, hesabu vichwa.

Sababu ni kwamba mwenye kampuni atakuagiza chumba cha mikutano cha watu 16 kwa kuwa alikiona kwa wengine. Katika madaftari yangu vikao vingi ni vya watu wawili hadi wanne, na chumba kikubwa hukaliwa na mtu mmoja anayeongea na mteja.

Andika pia watu wanakokimbilia. Katika kazi moja, siku ya pili, nilimkuta dada amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, kompyuta mpakato magotini, kidole kimoja kimeziba sikio. Alisogeza miguu nipite bila kukata maneno yake. Alipomaliza aliniambia, "Samahani kaka, kule ndani simsikii mteja, na yeye anatusikia wote." Ngazi zile ndizo zilizokuwa chumba cha simu cha kampuni. Niliziweka kwenye mchoro kama chumba kingine chochote.

Utajua umefaulu ukiweza, Ijumaa jioni, kusema bila kufungua daftari ni wakati gani simu huwa nyingi zaidi na ni watu wangapi huongea kwa pamoja. Hiyo ndiyo idadi ya vibanda vya simu utakavyojenga.

## Hatua ya 2: Pima sakafu, jua na kelele za nje

Chora sakafu kwa kipimo cha sentimita 2 kwa kila mita 1. Onyesha nguzo, madirisha, milango, mabomba, mein swichi na AC zilizopo. Nguzo haiguswi. Ukuta wa tofali usivunjwe kabla mhandisi hajasema kwamba haujabeba kitu.

Kisha jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wa Desemba jua hupita upande wa kusini, na Juni hupita kaskazini. Huko huwa juu, na kibaraza kifupi juu ya dirisha hulizuia. Linalosumbua ni la mashariki asubuhi na la magharibi kuanzia saa tisa alasiri, kwa sababu huingia likiwa chini na kugonga skrini moja kwa moja. Weka alama ukuta wa magharibi: stoo, vyoo na rafu ndizo za kukaa pale.

Mwisho, simama kwenye kila dirisha dakika tano. Andika barabara, shule, gereji. Umeme ukikatika, rudi tena siku hiyohiyo. Jenereta la jirani halisikiki mpaka umeme ukatike, na ukilisahau utaweka watu wa kazi za utulivu karibu nalo.

## Hatua ya 3: Gawa sakafu kutoka kelele kwenda ukimya

Wazee wa pwani walishalijua jambo hili. Ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu, unaanza na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, lenye viti vya mawe, ambapo mgeni yeyote hukaa na kuzungumza. Ukipita hapo unafika kiwanda, ua wa ndani, na ndipo vyumba vya ndani vifuate. Kadiri unavyosonga, ndivyo sauti zinavyopungua. Hakuna anayepita chumba cha kulala akienda kumwona mgeni.

Ipange ofisi hivyohivyo. Karibu na mlango weka mapokezi na baraza ya chai. Zinazofuata ni vyumba vya vikao na vibanda vya simu, kama ukuta mnene katikati. Nyuma yake, mbali na mlango, ziwe meza za kazi za utulivu. Watu wa mauzo na huduma kwa wateja, ambao kazi yao ni kuongea, wakae upande wa baraza. Ukiwachanganya na waandishi wa programu, kila upande utauona mwingine kama adui bila kosa la mtu yeyote.

Kwa mita za mraba 180 na watu 20, mgawanyo ninaoanzia ni huu:

- Meza za kazi: 70 (karibu 3.5 kwa mtu, pamoja na kiti na njia ya nyuma yake)
- Baraza ya chai: 30
- Chumba kimoja cha watu wanane: 14
- Vyumba viwili vya watu wanne: 16
- Vibanda vitatu vya simu: 5
- Chumba cha swala na mapumziko: 6
- Chumba cha mama anayenyonyesha: 5
- Stoo na vifaa vya mtandao: 4
- Mapokezi: 8

Zinabaki mita za mraba 22 kwa njia, na zote zitatumika.

Chumba cha mama kisifutwe nafasi inapobana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Mama asipokuwa na mahali penye mlango wa kufunga na soketi ya jokofu dogo, ataishia chooni.

Kampuni ikipanga ghorofa mbili, usizitenganishe timu zinazohitajiana kila siku. Thomas Allen wa MIT, aliyechunguza wahandisi na wanasayansi miaka ya 1970, alionyesha kwamba mawasiliano hupungua haraka umbali unavyoongezeka, na umbali ukifika kama mita 50 hubaki machache sana. Ngazi huongeza umbali huo.

## Hatua ya 4: Chora kila kitu sakafuni kwa chaki

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Chukua chaki na futi ya fundi, uchore kuta, milango na meza kwa ukubwa wake halisi. Ita timu waje na viti vyao. Wakae, wainuke, wapishane wakiwa na vikombe mkononi.

Vipimo vya kushika: njia kuu mita 1.2, njia ndogo isipungue sentimita 90. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, na mahali pa kugeukia pawe na mita 1.5 kila upande.

Muulize kila mtu swali moja: "Ukiinua macho hapo unaona nini?" Anayeona watu wakipita mbele yake siku nzima atachoka. Mwenye mlango mgongoni atageuka kila unapofunguka. Futa, chora upya. Kufuta chaki ni bure, kubomoa ukuta si bure.

Utajua umefaulu watu wakianza wenyewe kubishana ni nani akae wapi. Maana yake ni kwamba tayari wanaiona ofisi.

## Hatua ya 5: Umeme na mtandao, kabla ya kufunga ukuta wowote

Mtafute fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mwambie akutenganishie laini tatu: ya kompyuta na mtandao, ya AC, na ya jiko na baraza ya chai.

Hesabu hii itakuonyesha sababu. Kompyuta mpakato hutumia kama wati 65, na skrini ya pembeni kama 30. Watu 20 ni wati 1,900 hivi. Birika moja la umeme hutumia wati 2,000 au zaidi. Yaani mtu mmoja akichemsha maji ya chai ameongeza mzigo sawa na kompyuta za kampuni nzima. Ukiunganisha birika kwenye inverta, umeme ukikatika betri zitaisha huku watu wakiwa katikati ya kazi.

Kila meza ipate soketi mbili, na kebo ya mtandao ifike kila meza na kila chumba cha vikao. Kebo ya kawaida ya mtandao haipaswi kuzidi mita 100. Vyumba vya vikao vya video visitegemee Wi-Fi peke yake. Vifaa vya Wi-Fi vifungwe darini mahali pa wazi. Ukivifungia ndani ya kabati la chuma, sauti za vikao zitakatika na lawama zitamwendea mtoa huduma asiye na kosa.

Tahadhari: usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Plagi hupata moto polepole chini ya meza bila mtu kuona. Mtungi wa kuzimia moto wa gesi ya kaboni dayoksaidi uwe karibu na vifaa vya umeme, na njia ya kutokea isizuiwe na mmea wala kiti.

Kabla jipsamu haijafungwa, piga picha kila ukuta ukiwa wazi, futi ya fundi ikionekana kwenye picha. Atakayetoboa ukuta miaka miwili baadaye atakushukuru.

## Hatua ya 6: Jenga vyumba vidogo mpaka kwenye zege

Hapa nataka twende taratibu, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapofanyika, na mimi nimo miongoni mwa waliokosea.

Katika moja ya kazi zangu za mwanzo nilijenga chumba cha vikao cha kioo, kizuri kwa macho, kuta zikiishia kwenye dari la jipsamu. Juu ya dari palikuwa wazi ofisi nzima. Wiki ya tatu viongozi wawili walikaa mle kujadili mkataba wa mfanyakazi mmoja. Yeye alikuwa chumba cha pili, akisikia jina lake likishuka kutoka darini neno kwa neno. Nilirudi kurekebisha kwa gharama yangu, lakini alichokisikia sikuweza kukirudisha.

Sauti hupita kama maji, inatafuta tundu. Fuata mambo haya bila kuruka hata moja:

1. Fremu ianze sakafuni na ifike kwenye zege la juu, ikipita dari.
2. Jipsamu mbao mbili kila upande, na viungo vya mbao ya pili visikutane na vya kwanza.
3. Katikati jaza rokwuli bila kuishindilia. Ikibanwa sana hufanya kazi vibaya.
4. Silikoni chini, juu na pembeni, ukuta unapokutana na kingine.
5. Soketi za pande mbili za ukuta zisitazamane. Zikitazamana umetengeneza dirisha dogo la sauti.
6. Mlango uwe mzito, na mpira uzunguke kingo zote, pamoja na chini. Mlango mwepesi wenye uwazi wa sentimita mbili chini unafuta kazi yote hiyo.

Kibanda cha simu kiwe mita 1.2 kwa 1.2, na kimeza cha sentimita 40 kwa upana. Kikiwa kidogo zaidi mtu hukaa kama yuko kabatini.

Utajua umefaulu hivi: mtu mmoja aingie na kusoma gazeti kwa sauti ya kawaida, mwingine asimame nje mlango ukiwa umefungwa. Kusikia kwamba kuna mtu anaongea si tatizo. Ukielewa maneno, tafuta tundu. Zima taa za nje, washa za ndani usiku, na mwanga utakuonyesha lilipo.

## Hatua ya 7: Toa mwangwi

Kuzuia sauti isipite na kutuliza mwangwi ni kazi mbili tofauti. Ukuta mzuri wa hatua ya 6 hauondoi mwangwi ndani ya chumba. Marumaru, kioo na zege hurudisha sauti, watu huongeza sauti ili wasikike, na kelele hupanda mpaka saa tano asubuhi ofisi ni kama stendi ya mabasi.

Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu. Ukisikia mlio mkali wa kutetemeka baada ya kofi, una kazi.

Tengeneza paneli mwenyewe. Fremu ya paini ya mita 1.2 kwa 0.6, yenye kina cha sentimita 5. Jaza rokwuli, funika nyuma kwa kitambaa chepesi na mbele kwa khanga. Kitambaa kiweke mdomoni na upulize: pumzi ikipita, sauti itapita na kunaswa na rokwuli. Isipopita, chagua kingine. Na usome jina la khanga kabla ya kununua, kwa sababu wenzako watalisoma kila siku, na majina mengine ni mafumbo makali.

Anza na paneli zenye eneo sawa na robo ya sakafu ya sehemu hiyo. Zining'inize darini juu ya meza na ukutani usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, zikiachana na ukuta kwa sentimita 5. Piga kofi tena. Ongeza pale unapohitaji.

Tahadhari: usibandike sponji za godoro ukutani. Zikishika moto huwaka haraka na moshi wake ni sumu. Trei za mayai nazo hazizuii sauti kupita, na ni karatasi kavu. Unapokata rokwuli vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, maana nyuzi zake huwasha.

## Hatua ya 8: Hewa, kisha mwanga

AC ya kawaida ya ukutani haileti hewa mpya. Inachukua hewa ya chumbani, inaipoza, inairudisha. Watu wanne wakifungiwa saa nzima kwenye chumba kisichopitisha hewa, ambacho tumekiziba vizuri hivyo, watasinzia na kuumwa kichwa, na kikao kitaonekana kibovu kumbe hewa imekwisha.

Kila mtu anahitaji kama lita 10 za hewa mpya kwa sekunde. Kwa watu wanne ni mita za ujazo 144 kwa saa. Soma kwenye boksi la feni ya kutoa hewa kabla ya kununua. Kifaa kidogo cha kupima kaboni dayoksaidi hewani kitakusaidia pia: nje ni kama sehemu 420 kwa milioni, na ndani ikipita 1,000 hewa haitoshi.

Hewa lazima iingie kwa njia fulani, nayo njia hiyo itapitisha sauti. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye kona mbili, kama herufi Z, ndani kimetandikwa rokwuli iliyofunikwa kitambaa. Hewa hupinda na kupita. Sauti hugonga kona na kumezwa. Vibanda vya simu vipate hiki pia, pamoja na kifeni kidogo kisicho na kelele kinachowaka na taa.

Mwanga ni rahisi zaidi. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni mwa anayekaa, lisiwe mbele wala mgongoni kwake. Mezani panahitaji kama laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga), na programu ya simu itakupa makadirio ya kutosha. Taa za kelvini 4,000 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa kwenye boksi) zinafaa kazi, baraza iwe na za njano zaidi.

## Hatua ya 9: Meza, viti na mbao za kuandikia

Meza ya sentimita 140 kwa 70, kimo 73 hivi, inamtosha mtu mwenye kompyuta na skrini moja. Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, wataitengeneza vizuri ukiwapeleka mchoro wenye vipimo na sampuli moja mkononi. Agiza moja kwanza, ikaliwe wiki nzima, ndipo uagize nyingine 19. Mbao za mtiki au mninga hupendeza, ila plaiwudi nene yenye kingo zilizofungwa inafanya kazi ileile.

Fedha utakayookoa kwenye meza iweke kwenye viti. Kiti kiwe na kimo kinachorekebishwa na kishike kiuno. Mtu anakaa humo saa nane kwa siku.

Ubao wa kuandikia uwe mahali watu wanaposimama wakibishana: kando ya meza, kwenye ukuta wa nje wa vyumba vidogo, na karibu na baraza. Kioo kigumu cha milimita 6 kilichopakwa rangi nyeupe kwa nyuma hudumu na hufutika vizuri. Kianze sentimita 85 kutoka sakafuni, ili aliyekaa naye aandike. Weka kalamu na kifutio palepale. Ubao usio na kalamu ni ukuta.

## Hatua ya 10: Baraza ya chai

Sasa ushirikiano wenyewe. Kila ofisi ya Tanzania tayari ina mkutano ambao hakuna aliyeuitisha: chai ya saa nne. Mama anafika na chupa za chai na ndoo ya maandazi, watu wanainuka, na mtu wa mauzo anamsikia mwandishi wa programu akieleza tatizo ambalo mteja alilisema jana.

Usiwaache wabebe vikombe na kurudi mezani. Jenga baraza la kukalia ukutani, kimo sentimita 45, kina 50, refu kadiri ukuta unavyoruhusu, likunje kona ili watu wakae wakitazamana. Mbele yake weka meza ndogo mbili na viti vyepesi vya kusogeza. Kona ile ndiyo yenye thamani zaidi, maana watu wawili wakikaa hapo magoti yao yanaelekeana na mazungumzo huanza yenyewe.

Jiko dogo liwe ubavuni: sinki, birika, jokofu, mahali pa mama kuweka ndoo bila kuinama. Mwulize yeye kimo cha meza hiyo. Sakafu ya hapa ibaki marumaru, chai itamwagika.

Usifunge televisheni barazani. Ikiwepo, wote watatazama upande mmoja.

## Hatua ya 11: Hamia, kisha urudi baada ya wiki sita

Kabla ya kufungua milango, hakikisha sehemu ya kazi imesajiliwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kama Sheria ya mwaka 2003 inavyotaka.

Siku ya kwanza kubalianeni mambo matatu kwa maneno ya kawaida: simu zinapokelewa kibandani, anayetaka kuzungumza zaidi ya dakika tano na mwenzake wanaondoka mezani, na chumba kidogo hakishikwi siku nzima na mtu mmoja. Yasizidi hayo.

Acha meza kadhaa na paneli chache bila kufungwa moja kwa moja. Baada ya wiki sita rudi na lile daftari la hatua ya 1, ukae tena siku tano. Linganisha. Hedifoni zimepungua? Vibanda vinakaliwa, au vimegeuka stoo ya maboksi? Kama vimekuwa stoo, ingia ndani ukae dakika 20 mlango ukiwa umefungwa. Mara nyingi utakuta kifeni hakifanyi kazi, au kiti ni kirefu kuliko kimeza.

Halafu toka, ukaangalie ngazi.